Mkanda wa Juu wa Buti la Skii: Dalili, Visababishi na Marekebisho

Mkanda mpana unaozunguka sehemu ya juu kabisa ya buti la skii hufungwa mwisho, aghalabu kwa haraka, mtu akiwa amekwisha kushika fimbo zake na wenzake wanamsubiri. Buti likianza kuuma, mkanda huohuo ndio unaotupiwa lawama kwanza, na kwa kuwa umeshikwa na skrubu mbili tu, ndio pia unaobadilishwa kwanza. Wakati mwingine uamuzi huo ni sahihi kabisa. Hata hivyo, mkanda una mamlaka juu ya mahali pamoja tu, yaani pale muundi wa mguu unapoegemea ulimi wa buti. Kisigino, kifundo, unyayo na vidole viko chini ya mabizimu, buti la ndani na ukubwa wa ganda lenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na dalili, unarudi nyuma kutafuta chanzo chake, na ndipo tu unapofika kwenye bisibisi.

Tuelewane kwanza kuhusu sehemu. Buti la skii la mteremko lina ganda gumu la plastiki lenye vipande viwili: kiatu cha chini, na shingo inayopinda mbele na nyuma kwa bawaba zilizo kwenye usawa wa kifundo. Ndani ya ganda mna buti laini linaloweza kuchomolewa, lenye ulimi mrefu mbele. Mabizimu kwa kawaida ni manne, mawili juu ya unyayo na mawili kwenye shingo, na juu yao hupita mkanda wenye upana wa sentimita 4 hadi 5. Mkanda wa kiwandani mara nyingi ni wa nailoni isiyovutika na hufungwa kwa velkro. Mkanda wa kubadilishia ninaouzungumzia hapa una kipande cha mpira kinachovutika mbele, na badala ya velkro una bizimu dogo la kubana lenye meno yanayouma utepe pindi unapouvuta. Tofauti kubwa kati ya mikanda hiyo miwili, hata kuliko mpira wenyewe, ni njia inayopita: wa kiwandani kwa kawaida huzunguka nje ya plastiki, ilhali wenye mpira hupenyezwa ndani ya ganda na kulala moja kwa moja juu ya ulimi wa buti la ndani.

Kipimo kinachotangulia ununuzi

Toa buti la ndani, ingiza mguu wenye soksi ndani ya ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele kidogo tu, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya kisigino na ukuta wa nyuma. Ikiwa ni kati ya sentimita 1 na 2, ukubwa unakubalika. Ikizidi sentimita 2.5, buti ni kubwa, na hakuna mkanda utakaolipunguza. Nimeona watu wakinunua mikanda miwili mfululizo, mmoja mgumu kuliko mwingine, kwa buti ambalo tatizo lake lote lilikuwa saizi. Kumbuka pia kwamba saizi za mabuti haya huhesabiwa kwa urefu wa mguu kwa sentimita, na kwamba nusu saizi kwa kawaida haibadilishi ganda: 26 na 26.5 hutoka katika kalibu moja, zikatofautiana kwa soli ya ndani au kwa buti la ndani pekee. Aliyeshuka kutoka 26.5 hadi 26 akitarajia ganda dogo zaidi huenda hajashuka popote.

Dalili: muundi unauma

Hili ndilo lalamiko ambalo mkanda unaweza kulitatua kweli, kwa hiyo linastahili kuchunguzwa kwa makini. Si jipya. Mabuti ya plastiki yalipoanza kuchukua nafasi ya yale ya ngozi katika miaka ya 1960, kwa kazi ya Mmarekani Bob Lange, miguu iliyozoea ngozi laini ilikutana kwa mara ya kwanza na ukuta usiokubali kubonyea, na maumivu ya muundi yakapewa jina la buti lenyewe.

Jioni, baada ya siku nzima ya kuteleza, vua soksi ukiwa mahali penye mwanga na usome alama zilizoachwa kwenye ngozi kabla hazijafutika, maana baada ya dakika kumi nyingi zitakuwa zimepotea. Mstari mwembamba mwekundu uliokata muundi kwa ulalo, wenye ukingo mkali, ni alama ya kitu kilichokunjika: upindo wa soksi, mguu wa suruali ya ndani uliosukumwa chini ya ulimi, au ukingo wa juu wa ulimi wenyewe. Doa pana lisilo na ukingo, lenye joto na linalouma ukiligusa kwa kidole, linasema jambo jingine kabisa, kwamba muundi umekuwa ukigonga ulimi mara elfu badala ya kuuegemea. Mistari miwili sambamba pembeni mwa mfupa, katikati pakiwa peupe, huonyesha kwamba ulimi umekaa upande au umekuwa mgumu kuliko umbo la mguu.

Kwa alama ya aina ya kwanza usinunue chochote. Vaa soksi moja nyembamba inayofika chini ya goti, ondoa kila kitu kingine ndani ya buti, na uhakikishe kizuia theluji cha suruali kimefunika buti kwa nje. Soksi mbili hazileti joto mara mbili. Zinaleta mikunjo na kubana mishipa.

Kwa alama ya aina ya pili, fanya jaribio la kadi. Funga buti kama kawaida, simama wima, kisha jaribu kuingiza kadi ngumu ya karatasi kati ya soksi na ulimi kutokea juu. Ikishuka bila kizuizi, pana nafasi, na kila mara skii inapogonga tuta mguu utasafiri katika nafasi hiyo na kutua kwenye ulimi kwa kishindo. Hapo mkanda wenye mpira unaopita ndani hufanya kazi ambayo ule wa nje hauwezi. Mkanda wa nje huvuta plastiki kuelekea mguu, lakini plastiki ya shingo hupishana mbele kama koti, na ikishafika mwisho wa kupishana huko, nguvu yako yote huishia kuibana plastiki dhidi ya plastiki huku ulimi ukibaki ukining'inia ndani. Mkanda wa ndani hauna habari na plastiki. Unaushika ulimi na kuulaza juu ya muundi, na mpira wake unauacha ulimi uende na mguu unapopinda na urudi nao unapoinuka. Mguu ukiwa haupoteani na ulimi, hakuna kishindo.

Pana chanzo cha tatu ambacho huwa hakipendwi kutajwa: namna ya kusimama. Anayeteleza akiwa ameegemea nyuma huning'inia kwenye mashavu ya miguu, kisha skii zinapomkimbia hujivuta mbele ghafla na kuupiga muundi wake mwenyewe. Mkanda mzuri humpunguzia maumivu na kumwachia kosa. Ukiona alama za muundi zikiambatana na uchovu mkubwa wa misuli ya mapaja, anza na mwalimu kabla ya duka.

Maumivu yaliyo kwenye nukta moja ya mfupa, yanayoendelea usiku hata buti likiwa limevuliwa, hayahusiani tena na marekebisho ya viatu. Hayo ni ya daktari.

Dalili: kisigino kinainuka

Ukiinama mbele na kuhisi kisigino kikipanda ndani ya buti, kishawishi ni kukaza mkanda wa juu mpaka mishipa isimame. Tendo hilo halisaidii, kwa kuwa kisigino hushikwa na bizimu la pili kutoka juu, lile linalovuta shingo kwa ulalo kuelekea kwenye pindo la kifundo, likisaidiwa na bizimu la juu ya unyayo. Angalia kwanza utaratibu wa kufunga. Ingiza mguu, piga kisigino sakafuni mara mbili tatu, piga goti mbele ili kisigino kirudi mfukoni mwake, na ukiwa bado umeinama ndipo ufunge bizimu la pili kutoka juu. Mabizimu ya vidole yafungwe mwisho, kwa kidole kimoja, bila kutumia nguvu. Mtu anayeanzia vidoleni hukifunga kisigino mahali kilipokuwa, yaani juu.

Kama utaratibu ni sahihi na bado kisigino kinapanda, huenda buti la ndani limechoka. Sponji yake husinyaa kwa matumizi, na nafasi inayobaki hujitokeza kwanza pembeni mwa kifundo. Vipande vya sponji vyenye umbo la herufi J, vikibandikwa nje ya buti la ndani nyuma na chini ya kifundo pande zote mbili, hurudisha kisigino mahali pake. Mkanda wa juu unaingia hapa kwa njia moja ya mbali: shingo iliyolegea humlazimu mtu kutafuta uimara chini, naye akishaukosa juu hukaza mabizimu ya unyayo kupita kiasi. Hilo linatupeleka kwenye dalili inayofuata.

Dalili: ganzi na baridi ya vidole

Juu ya unyayo, karibu kabisa na ngozi, hupita mshipa wa damu unaoelekea vidoleni pamoja na neva zake. Unaweza kuyahisi mapigo yake kwa kidole ukiwa umekaa peku. Bizimu la juu ya unyayo likikazwa sana hubana hapohapo, na matokeo yake ni ganzi, mchomo kama wa sindano, kisha vidole baridi ambavyo hakuna soksi itakayovipasha moto.

Fungua mabizimu mawili ya chini kabisa uteleze mteremko mmoja mwepesi. Ganzi ikiondoka na buti likabaki linatawalika, umepata jibu: mabizimu hayo yalikuwa yakifanya kazi ya shingo. Baada ya kufunga mkanda wenye mpira na kuurekebisha vizuri, wengi hugundua kwamba wanaweza kulegeza mabizimu ya chini kwa jino moja au mawili bila kupoteza udhibiti. Hayo ndiyo manufaa makubwa ya mkanda huu kwa maoni yangu, makubwa kuliko hata muundi, ingawa hayatajwi sana kwa sababu yanatokea mbali na ulipofungwa. Jino likiwa kubwa mno kwa marekebisho madogo, zungusha kitanzi cha bizimu chenyewe. Mzunguko mmoja husogeza karibu milimita 1.

Ganzi ikibaki hata mabizimu ya chini yakiwa wazi, sababu ni kimo cha sehemu ya juu ya unyayo au upana wa ganda. Mabuti membamba huwa na upana wa ndani wa karibu milimita 97 au 98, ya wastani milimita 100, na mapana milimita 102 hadi 104. Ganda linaweza kupanuliwa kwa joto na fundi mwenye vifaa. Usijaribu hilo kwa moto wa nyumbani.

Dalili: shavu la mguu linabanwa

Misuli ya shavu la mguu haishuki sawa kwa watu wote, na kwa wanawake wengi huanza chini zaidi, hivyo shingo ya buti hukutana na sehemu nene ya mguu badala ya sehemu nyembamba iliyo juu ya kifundo. Dalili ni mkakamao wa misuli, au kulazimika kufungua mabizimu ya juu kila unapopanda na lifti. Kuongeza mkanda mgumu hapa ni kuzidisha shida.

Tazama nyuma ya shingo, ndani. Mabuti mengi yana kipande cha ziada cha plastiki kilichowekwa kati ya ganda na buti la ndani ili kuusukuma mguu mbele, kiondoe kwanza. Kisha tafuta meno ya mabizimu ya shingo: mengi yamefungwa kwa skrubu na yana mashimo ya akiba ya kuyasogezea. Ikiwa bado hapatoshi, kabari ya kisigino yenye unene wa milimita 3 hadi 5 chini ya buti la ndani huuinua mguu mzima, shavu likapanda na kutoka kidogo kwenye shingo. Itakula nafasi juu ya unyayo, kwa hiyo mwenye ganzi aifikirie mara mbili. Baada ya yote hayo ndipo mkanda wenye mpira, wa urefu mkubwa, unapofaa, kwa sababu unakubali msuli unapovimba katikati ya siku halafu unajirudisha.

Dalili: mkanda unalegea kabla ya saa sita

Velkro ina pande mbili, kulabu na nyuzi, na hazichakai kwa namna moja. Kulabu hujaa nyuzi za soksi, nywele na barafu. Nyuzi hung'oka na kubaki upara. Pitisha sindano au mswaki mgumu kati ya kulabu, kausha kabisa, ujaribu tena. Zikishika imara, ulichohitaji kilikuwa mswaki. Upande wa nyuzi ukiwa umepata upara, hasa pale unapofungia kila siku, mkanda umekwisha na bizimu la kubana ni mbadala bora. Nalo lina udhaifu wake: theluji mbichi ikiingia katika meno na kuganda, utepe huteleza. Ligonge kwa mpini wa fimbo kabla ya kukaza.

Dalili: buti ni gumu mno au laini mno

Namba ya ugumu iliyoandikwa kwenye shingo, kama 90, 110 au 130, haina kipimo cha pamoja kati ya viwanda, kwa hiyo 110 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa laini kuliko 100 ya kingine. Zaidi ya hapo, plastiki ya poliyurethani inayotumika katika maganda mengi hukakamaa kadiri baridi inavyozidi. Usitoe hukumu ya mkanda kwa kujaribia buti sebuleni tu.

Mkanda usiovutika, ukikazwa sana, huufanya mguu na shingo kuwa kitu kimoja, na kila unapopinda unakutana na ugumu wote kwa mara moja. Wenye mpira hauipunguzi namba ya buti. Unaupanga tu ugumu ili uanze taratibu na kuongezeka kadiri mguu unavyosogea mbele. Mtu mwepesi au anayejifunza hufaidika sana na mpangilio huo. Mzito, mwenye kasi, akifungiwa mpira mlaini atahisi anaanguka mbele kabla plastiki haijampokea, naye anahitaji mpira mgumu, mara nyingi ule wa tabaka zaidi ya moja. Ikiwa tatizo ni ugumu wa ganda, angalia skrubu zilizo nyuma ya shingo juu ya kisigino: katika mabuti mengi, kuondoa ya juu hulainisha mpindo kwa kiasi kinachohisika.

Kufunga mkanda mpya

Andaa bisibisi au elen (ufunguo wa pembe sita) inayolingana na skrubu zilizopo, drili kama mkanda wa zamani umeshikwa kwa ribiti, msumari, koleo, kiberiti na kalamu ya kuwekea alama. Toa mabuti ya ndani yote mawili kabla ya jambo lolote. Kanuni hii nimeivunja mara moja, kwa kujiamini kwamba biti ya drili ingeishia kwenye plastiki, na sponji iliyojiviringisha kwenye biti ile ilinifundisha kilichobaki.

Mkanda wa zamani ukiwa na skrubu, shikilia nati ya ndani kwa koleo isizunguke, maana ikianza kuzunguka bure itakula tundu lake. Ukiwa na ribiti, toboa kichwa chake kwa mwendo wa polepole hadi kianguke, kisha sukuma shina ndani. Mwendo wa kasi huyeyusha plastiki na kuacha tundu pana kuliko ulivyotaka.

Sasa rudisha buti la ndani kwa muda, vaa, na uushike mkanda mpya mahali pake bila kuufunga. Mkanda wote ulale juu ya ulimi. Ukingo wake wa juu usivuke ukingo wa ulimi, la sivyo utakata muundi. Katika buti lenye plastiki inayopishana, kipande cha mpira hupenya chini ya mapindo yote mawili na kugusa ulimi. Katika lile lenye ulimi wa plastiki wa nje, hupita chini ya ulimi huo. Bizimu likae upande wa nje wa mguu, kulia kwa mguu wa kulia na kushoto kwa wa kushoto, kwani likiwa ndani litanasa suruali na kugongana na buti la pili. Kabla ya kuweka alama, hakikisha mikanda imekuwa taswira ya kioo. Mikanda miwili iliyofungwa kwa upande mmoja ni kosa la kawaida kuliko unavyodhani.

Tumia mashimo yaliyopo ikiwa yanaruhusu. Mawili ni bora kuliko moja, kwa sababu mkanda ulioshikwa na skrubu moja hujizungusha na kukaa mshazari. Tundu kwenye utepe wa nailoni lisikatwe kwa kisu. Ushike kwa koleo msumari uliopashwa moto mpaka ukaribie kuwa mwekundu, upenyeze kwenye utepe kwa mwendo mmoja, na uutoe wakati nyuzi bado zinayeyuka; utaona ukingo mweusi, mgumu, unaong'aa kidogo kuzunguka tundu, na ukingo huo ndio utakaozuia nyuzi zisifumuke. Fanya vivyo hivyo kwa ncha iliyokatwa, kwa moto wa kiberiti. Weka washa pana upande wa nje, na kwa ndani nati yenye kichwa bapa kisichojitokeza. Gundi ya kuzuia skrubu zisilegee itumike kwa tone dogo, tena kwenye chuma tu, kwani baadhi ya aina zake hupasua plastiki.

Usiguse soli. Umbo lake limewekewa viwango vya kimataifa, ISO 5355 kwa mabuti ya kawaida ya mteremko, na vifungio vya skii huachia mguu kwa kutegemea umbo hilo. Kubadilisha mkanda hakuligusi, kwa hiyo mpangilio wa vifungio hubaki ulivyo. Kukwangua au kukata soli hubadilisha kila kitu.

Matatizo yanayojitokeza baada ya kufunga

Mkanda wa ndani hukazwa kwa utaratibu tofauti na ule wa nje. Ukifunga kwanza bizimu la juu kabisa, plastiki itaubana mpira na kuuzuia usivutike, nawe utadhani umenunua mkanda mbovu. Funga bizimu la pili kutoka juu, kaza mkanda ukiwa umeinama mbele, kisha lifunge la juu, na mwisho ongeza mkanda kidogo. Mpira uvutike sehemu tu ya uwezo wake mguu ukiwa wima. Ukiwa umekwisha kuvutika wote kabla hujapinda goti, hauna tofauti na nailoni.

Ukisikia mlio wa kukatika kila unapopinda, tafuta skrubu iliyolegea au washa inayogusa ukingo wa shingo. Ukihisi nukta moja nyuma ya mguu, nati imejitokeza. Toa buti la ndani, utakuta shimo dogo lililochorwa kwenye kitambaa chake, nati hiyo ipigwe msasa au ibadilishwe kwa bapa zaidi. Ulimi ukianza kwenda upande, mkanda unavuta kutokea upande mmoja tu, na tiba ni kuushika ulimi katikati kwa mkono wakati wa kukaza. Mguu mmoja ukihitaji mkazo tofauti na mwingine, upe, kwani ni wachache wenye miguu inayolingana.

Vaa mabuti ndani ya nyumba kwa nusu saa kabla ya kuyapeleka kwenye theluji, ukipinda magoti mara kwa mara, kisha yajaribu tena kwenye baridi na ufanye marekebisho ya mwisho hukohuko, bisibisi ikiwa mfukoni. Siku za mwanzo kagua skrubu kila asubuhi. Msimu ukiisha, kausha mabuti ya ndani nje ya ganda, funga mabizimu kwa wepesi ili ganda lisipoteze umbo, lakini mkanda uuache umelegea kabisa. Pima urefu wa kipande cha mpira siku ya kwanza kikiwa hakijavutwa na uuandike ndani ya ulimi kwa kalamu. Kitakapofika mahali kikapumzika kikiwa kirefu kuliko namba hiyo na kisirudi, muda wake umekwisha.